Ubaguzi wa rangi: tuongee bila kufichana, tuanzie kwenye listi ya malipo



Miaka mitatu iliyopita nilikuwa ndani ya jeep ya mradi mmoja, tunatoka Kalehe kurudi Bukavu. Nyuma tulikuwa wawili: mimi na lisansi yangu ya agronomia, na mwenzangu mmoja kutoka Ulaya, mwenye diploma sawa na yangu na umri sawa na wangu. Yeye alikuwa na miezi minne katika Kongo. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ule mradi. Siku hiyo nilikuwa nimejua, kwa bahati tu, kwamba mshahara wake ulipita wangu karibu mara sita. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia: "Wewe uko mbaguzi." Akaanza kulia. Dereva akaongeza sauti ya redio. Hatukusemeshana tena mpaka tulipofika mjini.

Nimefikiri sana juu ya ile safari. Nilikuwa na haki ya kukasirika, ile siwezi kuikana. Lakini nilichomwambia hakikuwa kweli yote, na hakikusaidia mtu. Yeye hakuandika kontra yangu. Mimi sikupata hata franga moja zaidi. Tulibaki wawili tumeumizwa, na mambo yakabaki vile vile.

Ndiyo sababu leo nataka tuongee juu ya ubaguzi wa rangi, na zaidi juu ya ule ambao ni wa mfumo, ule ambao Wafaransa wanaita "systémique". Sisi vijana tuliosoma tunapenda kuuongea kwa namna mbili tu: ao kwa kelele, ao kwa kunyamaza. Kati ya hizo mbili kuna njia nyingine, lakini inaomba tujue mambo, na inaomba tukubali kuguswa sisi wenyewe pia.

1. Ubaguzi wa moyo na ubaguzi wa mfumo

Wengi wetu tukisikia neno "ubaguzi" tunafikiri moja kwa moja mtu mbaya: muzungu anayemwita mtu mweusi nyani, ao bwana mkubwa wa zamani mwenye fimbo. Huo ni ubaguzi wa moyo. Upo, na ni mbaya. Lakini kama ungekuwa ni huo tu, ungekuwa rahisi kuumaliza: tungengojea watu wabaya wafe.

Ubaguzi wa mfumo ni kitu kingine. Ni pale ambapo sheria, kawaida, bei, ramani ya mji ao namna ya kuandika watu kazi inapanga watu wa rangi moja juu na wa rangi nyingine chini, hata kama wale wanaotumika ndani yake leo hawamchukii mtu yeyote.

Nichukue mfano wa kazi yetu. Hapa Kivu wakulima wanajua ugonjwa wa migomba unaoitwa kirabiranya. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati wake, ukizipasua ndani zimeoza. Ulionekana katika Kongo mwaka 2001, kule Masisi, kisha ukashuka mpaka kwetu. Unaambukizwa na wadudu wanaotembea kwenye maua, lakini mtu mwenyewe anausambaza kwa panga. Mkulima anakata mgomba mgonjwa, kisha na panga ile ile anasafisha mgomba mzima wa jirani. Yeye ni mtu mwema. Anapenda shamba lake, na pengine alikuwa anamsaidia jirani bila malipo. Lakini anaambukiza.

Ukimwita yule mkulima muuaji wa migomba, atakukasirikia, na atakuwa na haki. Ukinyamaza juu hutaki kumuumiza, kijiji kizima kitakosa ndizi. Kinachofaa ni kumwonyesha panga, kumweleza namna ugonjwa unapita, na kumfundisha aipitishe kwenye moto kila mara mbele ya kuhamia mgomba mwingine. Panga haina chuki. Hata hivyo lazima isafishwe.

Basi swali la ubaguzi wa mfumo si "nani ana moyo mbaya?" tu. Ni "panga iko wapi, na nani anaishika leo?"

2. Wakati rangi ilikuwa sheria

Hatuwezi kuelewa panga ya leo bila kujua ilikata nini jana. Nitachukua mambo matano tu ya Kongo yetu.

Ardhi. Tarehe 1 Julai 1885, Leta Huru ya Kongo, ile ya mfalme Leopold II, ilitangaza kwamba ardhi zote "zisizo na mwenyewe" ni za Leta. Lakini agronome yeyote wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ardhi isiyolimwa leo inaweza kuwa inapumzika, ao ni pori la kuwinda, ao ni malisho. Kwa macho ya ile sheria, kama mtu mweusi hakujenga wala hakulima pale siku ile, basi hapana mtu. Hapa Kivu, tangu mwaka 1928, komite moja iliyoitwa Comité National du Kivu ilipewa uwezo juu ya maeneo makubwa sana na kuyagawia walowezi. Ndipo yalipotoka mengi ya mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinkina mnayoyaona mukipita Kabare na Kalehe.

Kazi. Sheria ya mwaka 1917 ililazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na utawala, na zaidi sana pamba. Dekre ya mwaka 1933 iliweka kipimo cha siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ikapandishwa mpaka siku 120. Mkulima hakuchagua zao, wala mnunuzi, wala bei: kila eneo lilikuwa na kampuni yake moja yenye haki ya kununua pamba. Ukikataa, kuna faini na gereza. Mlowezi mzungu aliyekuwa na shamba jirani hakulazimishwa hivyo. Wote wawili walikuwa wakulima. Tofauti ilikuwa rangi, na ilikuwa imeandikwa ndani ya sheria.

Mji. Bukavu wakati huo iliitwa Costermansville. Wazungu walikaa upande wa Ibanda, kwenye rasi zinazoingia ziwani, parcelle kubwa, barabara pana. Watu weusi walipangiwa Kadutu, na baadaye Bagira. Leo hakuna sheria inayomkataza mtu wa Kadutu kukaa Muhumba. Lakini mvua kubwa ikinyesha, angalia ni mlima gani unaotelemuka na ni nyumba za nani zinazokwenda nao. Wanaojenga vibaya leo ni sisi, na wanaouza ma parcelle ndani ya mifereji ni viongozi wetu. Lakini mwenye kuamua kwamba weusi watabanana mlimani na wengine watapumua ziwani hakuwa sisi.

Shule. Wamisionari walifungua shule nyingi za msingi, na hilo ni kweli. Lakini mlango wa juu ulibaki umefungwa kwa muda mrefu. Thomas Kanza alimaliza Louvain mwaka 1956. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, chuo kikuu cha Élisabethville mwaka 1956. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hesabu inayotajwa mara nyingi ya Wakongomani waliomaliza chuo kikuu haifiki hata 30, kwa nchi nzima. Ndani ya jeshi, Force Publique, hakukuwa na ofisa mweusi hata mmoja. Mukisikia mtu anasema "waliachiwa nchi, wakashindwa kuiongoza", mukumbuke hiyo hesabu.

Karatasi. Tangu mwaka 1948 mtu mweusi "aliyeendelea" aliweza kuomba karti ya sifa ya kiraia, na tangu 1952 kulikuwa na kile walichokiita immatriculation. Ili kuipata, ulichunguzwa: unakaa namna gani, una mke mmoja, nyumba yako ni safi, unakula kwa uma na kisu. Lumumba mwenyewe, wakati ule karani wa posta kule Stanleyville, aliiomba na akaipata mwaka 1954. Waliofaulu walikuwa wachache sana. Fikiria: muzungu yeyote, hata mlevi, hata asiyejua kusoma, alizaliwa nayo tayari. Wewe ulipaswa kuonyesha kabati lako la vyombo ili uitwe mtu kamili.

3. "Lakini barabara zilikuwa nzuri"

Mimi nilimwuliza koko wangu, mzaa mama, juu ya mambo hayo. Yeye alilima pamba katika bonde la Ruzizi alipokuwa kijana. Siku nilipotetea mémoire yangu alicheka sana, akasema: "Leo mutoto wetu njo agronome! Sisi tulikuwa tunamukimbia agronome." Nilidhani ni mzaha. Akanieleza kwamba agronome wa wakati ule alikuwa mtu wa kuja na kamba ya kupima shamba la pamba. Kipimo kikipunguka, unaandikwa. Ukiandikwa mara nyingi, unafungwa. Watoto wakisikia pikipiki yake walikimbia kuwaambia wazazi.

Nilikuwa nimesoma miaka mitano na hakuna profesa aliyenieleza kwamba jina la kazi yangu lilikuwa jina la woga.

Lakini koko huyo huyo, jioni hiyo hiyo, aliniambia pia: "Wakati wa Mubelgiji barabara zilikuwa nzuri. Dawa ilikuwa ku lopitali. Franga ilikuwa na bei." Sisi vijana tukisikia hivyo tunakimbilia kumkatalia mzee, tunamwona kama mtu aliyeoshwa akili. Mimi pia nilianza kumpinga, kisha nikamwuliza swali moja tu: "Koko, ile barabara ni nani aliyekuwa anailima?" Akanyamaza kidogo. "Sisi. Kila kijiji na kipande chake." Na ilikuwa ya kupitisha nini? "Pamba."

Hakuikana barabara, na mimi sikumkataza kuisifu. Barabara ilikuwa nzuri kweli, na leo imekufa kweli, na aliyeiua si Mbelgiji. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Mtu anayesema "wakoloni walitutendea mabaya" hasemi "viongozi wetu wako wema". Tusikubali mwanasiasa atumie Leopold kuficha pesa alizokula mwaka jana. Lakini tusikubali pia mtu atumie wizi wa leo kusafisha kamba na gereza la jana.

4. Majuto si sawa na kuomba radhi

Mazungumzo ya kweli ni magumu hata kwa mataifa. Baada ya kifo cha George Floyd kule Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020, watu waliandamana katika miji mingi ya dunia, na Ubelgiji sanamu za Leopold II zilipakwa rangi, zingine zikatolewa. Tarehe 30 Juni 2020 mfalme Philippe aliandikia rais wetu barua akionyesha majuto yake makubwa. Alirudia majuto hayo Kinshasa mwezi wa sita 2022, mwezi ule ule ambao jino la Lumumba lilirudishwa kwa familia yake. Lakini komisyoni ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza mambo ya ukoloni ilifunga kazi mwisho wa 2022 bila kupatana juu ya neno moja: kuomba radhi.

Kwa nini neno moja linawashinda? Juu majuto ni jambo la moyo, na kuomba radhi ni jambo la daraka. Ukisema "nasikitika kwamba ng'ombe wako amekufa", hudaiwi kitu. Ukisema "niliua ng'ombe wako, unisamehe", jirani atauliza: utalipa namna gani? Wengi waliogopa swali hilo la pili.

Lakini kuna mahali ambapo neno lilisemwa. Wakati wa ukoloni, watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama mweusi walinyang'anywa mama zao na kupelekwa kwenye misioni, kama ile ya Katende kule Kasai ao Save kule Rwanda. Kosa lao lilikuwa rangi yao tu: walivuruga mstari uliotenga weupe na weusi. Mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel aliwaomba radhi mbele ya bunge. Mwisho wa mwaka 2024, mama watano kati ya watoto hao, leo wazee wa zaidi ya miaka 70, walishinda kesi Bruxelles. Mahakama ya rufaa ilisema kwamba ile ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na Leta ya Ubelgiji ilipe kila mmoja euro 50,000.

Angalieni walivyofanya wale mama. Hawakwenda kusema "Wabelgiji ni watu wabaya". Walileta karatasi, tarehe, amri na majina ya biro zilizotia sahihi. Walionyesha panga. Ndiyo sababu walisikilizwa.

5. Ndani ya jeep, mara ya pili

Baada ya miezi miwili hivi mimi na yule mwenzangu tulirudi kuongea. Safari hii sikuanza na yeye. Nilianza na karatasi. Nikamwambia: "Nionyeshe kontra yako, nami nitakuonyesha yangu." Alisita, kisha akaleta. Tukaziweka kwenye meza kandokando.

Kontra hazikusema popote "mweupe" wala "mweusi". Zilisema "internationale" na "locale". Yake ilikuwa na nyumba, matibabu, tiketi ya ndege, na sehemu ya hatari juu anakaa mashariki ya Kongo. Yangu haikuwa na sehemu ya hatari. Tulikuwa tunapita bariere zile zile, barabara ile ile, siku ile ile. Alisoma mstari huo mara mbili, akaniuliza: "Yaani risasi inachagua?" Mimi nikacheka, yeye hakucheka.

Ni kweli mtu aliyeacha kwao ana mahitaji ambayo mimi sina. Tiketi ya ndege siwezi kumwonea wivu. Lakini tofauti nyingine haikuwa na maelezo, na tulipoulizia hapakuwa na mtu aliyeitetea. Kila mmoja alisema ndiyo kawaida, ilikutwa hivyo. Mukisikia "ilikutwa hivyo", mujue panga iko karibu.

Tuliandika barua moja, tukatia sahihi wote wawili. Nitawaambia ukweli juu ya matokeo: mshahara haukusawazishwa. Tulipata bima ya matibabu kwa wafanyakazi wa hapa, na majina yetu yakaanza kuandikwa juu ya rapoti tulizozifanya wenyewe. Mbele ya pale, mimi nilikuwa napima mashamba na jina lilikuwa la mtu aliyekuwa biro. Ni kidogo. Lakini kelele ya safari ya kwanza haikuleta hata hicho kidogo.

Na kuna jambo aliloniambia ambalo lilinichoma. "Tukifika kijijini, hata nyie munanipa kiti cha kwanza. Wewe njo unajua udongo, lakini wakulima wakiuliza swali wewe unanigeukia mimi." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nafanya hivyo bila kujua. Sisi njo tunasema "hii kazi ni ya kizungu" tukitaka kusema ni kazi nzuri, na "akili ya mtu mweusi" tukitaka kucheka upumbavu. Dada zetu wananunua pomade za kuchubua ngozi, na sisi vijana njo tunasifu matokeo yake. Mfumo haukubaki kwenye karatasi tu. Uliingia mdomoni.

6. Listi yangu mimi

Sasa nifike mahali ambapo nilitaka kupaepuka.

Mwaka ule ule wa hasira yangu ya jeep, mimi njo nilikuwa natayarisha listi ya malipo ya wafanyakazi wa siku kwenye kitalu cha miti, karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega. Wengine walikuwa wanakijiji wa kawaida, wengine walikuwa Batwa, wale tunaowaita Bambuti. Munajua historia yao: pori lile lilikuwa kwao. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na wakatolewa bila kupewa ardhi nyingine. Tangu hapo wanakaa pembeni ya mashamba ya watu, wakifanya kazi ya mkono.

Kapita wa pale aliniletea majina katika sehemu mbili. Bei ya juu kwa wanakijiji, nusu ya bei kwa Batwa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema: "Agronome, bei yao njo ile. Hata kwa mashamba ya watu wote wanalipwa vile." Nikatia sahihi. Wiki tatu nilitia sahihi, na mkono wangu haukutetemeka.

Jumamosi ya nne mzee mmoja Mtwa alipokea pesa yake, akazihesabu, akabaki amesimama. Hakupandisha sauti. Akasema: "Agronome, jembe yangu inachimba nusu?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliyelia juu ya mara sita nilikuwa naandika nusu kwa mkono wangu. Sikumchukia yule mzee. Hata jina lake nilikuwa nalijua, na watoto wake niliwasalimia kila asubuhi. Lakini nilikuta kawaida, nikaifuata.

Watu wataniambia: hilo ni jambo la kabila, si la rangi. Sote ni weusi. Mimi nasema tuangalie vizuri. Tunasema wao "wamezaliwa hivyo", wengine hawakubali kunywa nao kwenye kikombe kimoja, tunawacheka kwa urefu na kwa sura. Mtu akipangiwa bei, heshima na mahali pa kukaa kwa sababu ya mwili aliozaliwa nao, hiyo ni dawa ile ile tuliyonyweshwa sisi, tumeimimina kwenye kikombe kingine. Wakoloni walipima pua na vichwa vya watu wa maziwa makuu, wakasema huyu ni mtawala wa kuzaliwa, huyu ni mtumishi, huyu ni wa pori. Kule Rwanda na Burundi waliiandika kuwa elimu, na Rwanda ikaingia mpaka kwenye karti za utambulisho katika miaka ya 1930. Na matunda yake tunayala mpaka leo pande zote za Ruzizi. Unaweza kukataa vita, kukataa jeshi la nchi nyingine, kukataa kila kundi lenye bunduki, bila kumsimamisha mtu kwenye bariere juu ya pua yake. Mimi najua kwamba kuandika hivi leo kunaweza kuniletea matusi. Basi yaje.

Juu ya Batwa, tangu Julai 2022 tuna sheria, namba 22/030, inayolinda haki za watu wa asili wa pori. Ni jambo jema. Lakini sheria haikufika kwenye listi ya kapita. Ni mimi nilipaswa kuifikisha. Jumatatu iliyofuata nilipanga bei moja. Wanakijiji wawili walikasirika, wakaacha kazi kwa siku tatu, kisha wakarudi. Ile tofauti ya wiki tatu tuliirudisha kwa awamu mbili. Mzee hakunishukuru, na hakupaswa kunishukuru.

7. Namna ya kuongea

Nimalize na mambo machache niliyojifunza, kwa wale wanaotaka kuanza haya mazungumzo kazini, nyumbani ao na rafiki aliye ng'ambo.

Leta karatasi mbele ya kuleta hasira. Kontra, listi, titre ya ardhi, kanuni ya biro. Hasira yako ni ya haki, lakini karatasi haiwezi kuambiwa "unazidisha".

Tenganisha mtu na panga. Sema "hii kanuni inatufanya hivi" mbele ya kusema "wewe uko hivi". Lakini mtu akionyeshwa panga na akaendelea kuitumia, hapo sasa umwite yeye mwenyewe. Kutojua kunasameheka mara moja.

Usitafute machozi wala usiyaogope. Machozi ya mwenzako si malipo, na si sababu ya kufunga mazungumzo. Mpe nafasi, kisha mrudie.

Mwulize mzee, usimhukumu. Swali moja zuri linafanya kazi kuliko hotuba yako nzima ya chuo kikuu.

Usimalize na "pole". Maliza na "Jumatatu tunabadilisha nini?" Kama hakuna kinachobadilika Jumatatu, mulikuwa munapumzisha roho tu.

Na la mwisho, ambalo ni gumu kuliko yote: mbele ya kuomba listi ya mwingine, fungua ya kwako. Mfanyakazi wa nyumbani kwenu analipwa ngapi, na anakula wapi? Kwenye chama chetu hiki cha waliomaliza masomo, kuna Mtwa hata mmoja? Mimi nimetafuta katika majina yetu, sikumpata. Hakuna kanuni yetu inayomkataza. Nadhani sasa munajua jina la jambo la namna hiyo.

Munaonaje, wapendwa? Mimi niko tayari kusikiliza, hata wale wataonikatalia.